Kinachowahamisha watu Sinza ni kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, si kodi ya mwezi

Mhariri,

Kila kodi za nyumba Dar es Salaam zinapopanda, ushauri huwa uleule: Sinza ghali, hamia Goba, Kijitonyama ghali, nenda Madale, mjini hapakaliki, vuka Kigamboni. Wanaoutoa hulinganisha kitu kimoja tu, kodi ya mwezi aliyoitaja dalali. Naomba nafasi tuipige hesabu nzima, maana wengi huipiga wakiwa wameshashusha vyombo.

Tuchukue Sinza na Goba, zote za Manispaa ya Ubungo. Bei nitakazotumia ni za mfano. Msomaji aweke za mtaa wake, utaratibu ni huohuo. Chumba na sebule chenye choo ndani, Sinza tuseme 300,000 kwa mwezi, Goba 150,000. Kwa kuangalia haraka, anayehamia Goba anaokoa 150,000.

Sasa anakwenda kazini Posta, katikati ya jiji, siku 26 kwa mwezi. Kutoka Goba ndani, kama Kinzudi au Kulangwa, atalipa bodaboda 1,000 hadi barabara ya lami, daladala 700 hadi Mwenge au Makumbusho, kisha 600 hadi Posta. Hiyo ni 2,300 kwenda, 4,600 kwenda na kurudi, 119,600 kwa mwezi. Wa Sinza anatembea hadi kituoni, anapanda gari moja la 600: kwenda na kurudi 1,200, kwa mwezi 31,200. Tofauti ni 88,400. Kati ya zile 150,000 zimebaki 61,600.

Hapo anatoka mtu mmoja. Wakitoka wawili, mke na mume, tofauti ya nauli inakuwa 176,800, na Goba imeshakuwa ghali kuliko Sinza hata kabla ya kununua ndoo moja ya maji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kuhama si "kodi bei gani?" bali "asubuhi tunatoka wangapi, na tunaelekea wapi?" Fundi mwenye kazi zake hukohuko Goba, au mama lishe anayepika mtaani kwake, hana sababu ya kulipia Sinza. Anayelazimika kuripoti Kariakoo saa moja asubuhi ana hesabu nyingine kabisa.

Yaje maji. Familia ya watu wanne inayobana matumizi hutumia madumu sita ya lita 20 kwa siku, yaani lita 120. Kwa mwezi ni madumu 180, lita 3,600. Nyumba isiyo na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au yenye bomba linalotoa upepo, itanunua dumu kwa 300 na kumaliza 54,000. Mwenye mita analipia maji hayohayo kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Maji yake ni uniti tatu na nusu hivi. Hata ukimwekea 10,000 umemzidishia. Toa tofauti ya 44,000 kwenye zile 61,600 za mtu anayetoka peke yake: zimebaki 17,600. Mvua kubwa ya wiki moja, bodaboda akipandisha kutoka 1,000 hadi 2,000 kwa sababu ya utelezi, inakula theluthi mbili yake hivi.

Goba ni vilima na mabonde, na hapo ndipo tatizo la maji lilipo. Kuwa na bomba mtaani hakutoshi, kwani maji yanaweza kufika bondeni usiku na mchana, huku nyumba ya kilimani ikiyapata saa nane za usiku au isiyapate kabisa kwa kukosa msukumo. Mwenye nyumba atakuonyesha bomba na mita, vyote vya kweli. Wewe muulize maji yanatoka siku zipi, na kama kuna simtanki chini pamoja na pampu ya kuyapandisha juu. Kisha muulize mpangaji mwenzako swali hilohilo wakati mwenye nyumba hayupo.

Kama hesabu ndiyo hii, mbona watu bado wanakwenda? Kwa sababu hakuna anayelipa Sinza 300,000. Anaambiwa alete miezi sita, 1,800,000, na ya dalali mwezi mmoja, 300,000. Jumla 2,100,000 siku moja, kabla hajanunua hata pazia. Goba kwa masharti hayohayo ni 900,000 na 150,000, yaani 1,050,000. Mwenye mshahara wa kawaida anaweza kukusanya milioni moja kwa mchezo wa kupeana na mkopo mdogo, mbili hazipati. Anahamia nje ya mji kwa kukosa mkupuo, halafu kila mwezi anaulipa ule mkupuo kwa makondakta, bodaboda na wauza maji, vipande vya 600 na 1,000 ambavyo havionekani.

Hili ndilo ninalotaka lisikike, Mhariri. Tunazungumzia kiwango cha kodi wakati kinachowapanga watu ramani nzima ya jiji ni namna ya kuilipa. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na sidai irudi. Kupanga bei kwa amri huwafanya wenye nyumba wasikarabati. Lakini kuweka kikomo cha malipo ya awali, tuseme miezi miwili pamoja na dhamana ya mwezi mmoja, hakumpunguzii mwenye nyumba hata senti ya kodi yake. Wenye nyumba wana hoja moja ya kweli: mpangaji asiyelipa anachukua muda mrefu kumtoa, na ile miezi sita ndiyo bima yao. Basi kikomo kiende pamoja na njia ya haraka ya kusuluhisha deni la pango kwenye kata, vinginevyo kitabaki kwenye karatasi na watu watalipana pembeni.

Sinza yenyewe haikuwa ghali kwa bahati. Ilipimwa katika miaka ya 1970, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, katika mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara na mabomba vilipangwa kwanza, watu wakajenga baadaye kadiri ya uwezo wao. Ndiyo maana hadi leo gari la kunyonya majitaka linafika karibu kila nyumba. Goba, kwa sehemu kubwa, yalikuwa mashamba yaliyokatwa na wenyewe vipande vya kuuza, na urasimishaji, yaani kupima na kutambua viwanja rasmi, ukafuata nyumba zikiwa tayari zimesimama. Beakoni za mipaka ya kiwanja unazipata, njia huipati. Karo, yaani shimo la majitaka, likijaa na gari likashindwa kuingia, utachimba shimo jingine. Na kwenye mteremko shimo lako la juu linamwagikia jirani wa chini, ambaye naye anaweza kuwa na kisima.

Hata hivyo Sinza ya leo siyo ile iliyopimwa. Upande wa barabarani nyumba zimegeuzwa fremu za maduka na baa, uani vimeongezwa vyumba mpaka kwenye ukuta, na karo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja linahudumia wapangaji wanane. Anayelala jirani na baa Ijumaa usiku analipia mahali, si usingizi. Maeneo yanayopakana na Mto Ng'ombe, hata baada ya mto huo kujengewa kingo za zege, mtu akague ukuta kwa nje: alama ya maji iliyopakwa rangi upya huonekana kwa mstari ulionyooka, mara nyingi chini ya usawa wa dirisha. Goba ina hewa, uwanja wa mtoto kucheza na usiku wa kimya, na vitu hivyo vina thamani ingawa sikuviweka kwenye hesabu.

Kuna gharama nyingine isiyojali mtaa: umeme wa mita moja kwa wapangaji wengi. Mteja wa nyumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo. Akizidi akahamishiwa kundi la juu, uniti ni takriban 356. Wapangaji wanne, kila mmoja akitumia uniti 40 tu, wote wanastahili bei ya chini. Lakini mita yao moja inasoma 160, kwa hiyo wote wanalipa ya juu. Kila mmoja analipa 14,240 badala ya 4,880. Sabmita, ile mita ndogo ya kila chumba, haitatui hili. Inagawa deni kwa haki, bei inabaki ileile. Dawa ni kila mpangaji kuwa na Luku yake, yaani mita yake ya umeme wa kulipia kabla. Ada ya kuunganishiwa umeme mjini bila kuhitaji nguzo, iliyorejeshwa mwaka 2022, ni 320,960. Kwa mfano wetu mpangaji mmoja anapoteza 112,320 kwa mwaka, kwa hiyo fedha hiyo inarudi kabla ya miaka mitatu. Mwenye nyumba anaweza kuitoa na kuongeza kodi kidogo, mpangaji bado akapata nafuu.

Kabla ya kulipia nyumba, omba namba ya Luku ununue umeme wa 5,000. Ukipata uniti kama 41, mita iko kundi la chini. Ukipata kama 14, iko la juu. Soma risiti yenyewe, kwa kuwa ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na namba za uniti zitapungua kwa sababu hiyo. Deni la nyuma likiwapo nalo utaliona hapo. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Unayekatwa ni wewe, kwa hiyo 18,000 hizo za mwaka muandike kwenye mkataba kwamba zitatolewa kwenye pango. Wachache hufanya hivyo, na ni ya kudai bila haya.

Na nyumba iendewe mara mbili. Mara ya kwanza jioni ya siku ya kazi, kwa usafiri uleule utakaoutumia, ukihesabu dakika tangu Posta hadi mlangoni. Dalali hupenda kukupeleka Jumapili asubuhi barabara ikiwa nyeupe. Mara ya pili siku ya mvua, ikiwezekana Aprili. Njia ya udongo mwekundu ya kilimani ambayo Januari ni nzuri, masika huwa bodaboda hapandi, na yule uliyemlipa 1,000 atakushusha chini umalizie kwa miguu na mtoto mgongoni.

Ombi langu la mwisho linakuhusu wewe, Mhariri. Matangazo ya nyumba katika gazeti hili huandika mtaa, idadi ya vyumba na "kodi nafuu". Yaongezewe mistari minne: umbali hadi kituo cha daladala kwa miguu, maji ni ya bomba, kisima au boza na yanatoka siku ngapi kwa wiki, Luku ni ya peke yake au ya pamoja, na malipo ya awali ni miezi mingapi. Anayekataa kujaza mstari wa nne, tangazo lake lisubiri.

Msomaji wenu,
Ubungo, Dar es Salaam