Mheshimiwa, nguzo tumeiona, kibao kiko wapi?

Kwako Mheshimiwa mwenye dhamana ya mazingira ya jiji letu la Lubumbashi,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako, nikitumaini u mzima na kwamba watoto wako hawaogelei katika Mto Lubumbashi. Wangu huogelea. Jumapili iliyopita, siku moja baada ya mvua kubwa, mwanangu wa miaka tisa alirudi kutoka mtoni akicheka, shati limefungwa kiunoni. Kufikia Jumatatu usiku alikuwa akiharisha maji matupu, na vipele vimemtapakaa kuanzia magotini hadi kwenye vifundo vya miguu. Muuguzi aliniuliza kama mtoto alicheza kwenye maji machafu. Nilikosa jibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuambia kama ni machafu au la.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ahadi yako, Mheshimiwa, uliyoitoa mbele yetu sote, kwamba maji yatapimwa na matokeo kubandikwa kwenye kibao ukingoni. Nguzo ya chuma ilisimikwa kweli. Kibao hakijafika hadi leo, ila jirani yangu humfunga mbuzi wake kwenye nguzo hiyo, kwa hiyo siwezi kusema kwamba fedha za umma zimepotea zote.

Kazi tunayoiomba si ya miujiza. Mvua husomba kinyesi cha vyoo vya shimo na uchafu wa mifereji hadi mtoni. Mtu huteka maji kwenye chupa safi, huyafikisha maabara, na kwa muda wa siku moja hivi bakteria aina ya E. koli, wanaotoka kwenye kinyesi, huwa wamekwisha kuhesabiwa. Huko Ulaya, mto huhesabiwa kuwa bora kwa waogeleaji endapo, katika karibu vipimo vyote, bakteria hao hawazidi 500 katika mililita 100. Paris ilikataza watu kuogelea mtoni Seine mwaka 1923, ikawaruhusu tena Julai 2025, na bado mvua ikinyesha hufunga mpaka vipimo viwe vizuri.

Sisi tuna la ziada, kwani jiji hili lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na madini hayaonekani kwa kuhesabu bakteria wala hayaondoki kwa kuchemsha maji. Huenda vipele vya mwanangu vilitokana na hayo, huenda ni kinyesi, huenda si mto kabisa. Nabahatisha, Mheshimiwa, na huko kwenye kubahatisha ndiko mlikotuacha, ilhali Ibara ya 53 ya Katiba ya Kongo yetu inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Chuo Kikuu chetu kina wakemia.

Siombi mto usafishwe kesho. Naomba upimwe, hasa baada ya mvua, na tuambiwe. Ikiwa kibao ndicho kilichowashinda, nguzo ipo: nipeni namba za kila wiki, ubao na rangi nitanunua mwenyewe, na mbuzi tutamhamisha.

Wako katika kungoja,
Mama wa watoto watatu, Lubumbashi