Kabla ya kulipia nyumba ya likizo Paris

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wenzangu wanaopanga likizo Ulaya. Mimi na mke wangu tulichagua nyumba Paris kwa kutazama bei tu, tukajikuta ghorofa ya sita pasipo lifti, mizigo begani kama wachukuzi wa bandari yetu ya Kigoma.

Jiji hilo lina wilaya 20, zilizopewa namba kwa kuzunguka kama gamba la konokono kuanzia katikati, hivyo wilaya ya 11 au ya 12, mradi kituo cha metro (treni ya mjini ya chini ya ardhi) kiwe jirani, ingetufaa bila kutukamua. Tangazo lisiloonyesha namba ya usajili wa nyumba, liacheni.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma