Kwako wifi, kuhusu kaka yangu

Wifi, salama? Naandika huku hadharani maana ana kwa ana nimeshindwa, kila nikija kwako tunaishia kuongea bei ya mkaa na ada za watoto, naaga naondoka na lenyewe bado liko kooni.

Naanza na langu. Ukoo mzima tulikaa tukasema kaka anakunywa kwa sababu yako, eti una mdomo, eti hujui kumtuliza mume, na mimi ndo nilikuwa kimbelembele. Halafu 2017 serikali ikapiga marufuku viroba vya pombe kali, unakumbuka tulivyoshangilia, tukajua basi yameisha. Wiki haijaisha kaka kahamia kwenye gongo. Ndo nikaanza kujiuliza, kama serikali nzima imemshindwa mtu mmoja, we ungemfanyaje?

Sasa kuna mikutano inaitwa Al-Anon. Sio AA, AA ni ya wanywaji wenyewe wanaotaka kuacha, hii ni ya sisi tunaoishi nao, wake, waume, dada, hata marafiki. Ilianzishwa Marekani 1951 na wanawake wawili, mmoja anaitwa Lois, mume wake Bill ni mmoja wa walioanzisha AA. Na sikia hii, Bill alikuwa keshaacha pombe, siku moja anamharakisha mkewe wawahi mkutano, Lois akamrushia kiatu, na mikutano yako hiyo! Yaani miaka yote kamlilia mtu aache, kaacha kweli, na yeye hasira bado imemjaa kifuani. Ndo akashtuka kwamba na yeye ana kazi ya kufanya kwake mwenyewe.

Mi naingia mkutanoni kwa simu, nimejifungia chumbani, kamera nimezima, jina la kwanza tu. Hakuna ada, mchango ni hiari. Mtu anaongea ya kwake na hakuna wa kumkatiza wala kumpa ushauri (kwa ukoo wetu hapo pagumu kweli), na yaliyosemwa yanabaki humo. Wanasema ulevi wa mwenzio hukuusababisha wewe, huwezi kuudhibiti, huwezi kuutibu. Lile la kwanza lilinitoa machozi, maana wa kukubebesha nilikuwa mimi.

Hawakuambii umuache, hawakuambii ubaki. Ila ukisikiliza wenzio unajiona mwenyewe, ile kumpigia bosi wa kaka kusema ana homa, ile kulipa deni lake grosari kwa hela ya vikoba, na mimi nimelilipa mara ngapi bila we kujua! Nimeacha. Kaninunia mwezi wa pili sasa. Ila akikunyanyulia mkono hilo sio la kusubiri mkutano, beba watoto uje kwangu usiku huohuo.

Mgeni anaambiwa ajaribu walau mara sita ndo aamue. Mi ya kwanza nilitoka katikati. Basi Jumatano jioni njoo, bando ninalo, Kiingereza chao kikikimbia nitakutafsiria, watoto watalala na wa kwangu. Kaka akiuliza unaenda wapi mwambie kwa wifi yako, wala hujadanganya.