Kumbukumbu za East African Airways zitafutiwe mahali

Mhariri,

Mjukuu wangu anayesoma Uingereza amenitumia picha za Comet, ndege ya jeti ya abiria ya zamani iliyoundwa Uingereza, iliyo katika makumbusho ya Duxford huko huko. Nambari yake ni G-APDB. Ndiyo iliyotoka New York kwenda London tarehe 4 Oktoba 1958, siku jeti zilipoanza safari za abiria juu ya Atlantiki. Nimefurahi kuona inatunzwa vizuri, na nimeumia pia, kwa kuwa Comet ni historia yetu vilevile.

Nilikuwa fundi wa East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Afrika Mashariki, pale uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi. Shirika lilianza kupata Comet mwaka 1960. Mimi niliingia karakanani baadaye kidogo, kijana mbichi. Injini zake nne za Rolls-Royce Avon hazikuning'inia chini ya bawa, zilikaa ndani ya shina la bawa, kando ya bodi. Hapo ndipo palipokuwa na uzuri wake wote, na hapo ndipo fundi alipotoka jasho: ufungue vifuniko, ulale chali, mkono uzame hadi begani.

Vijana husema Comet za mwanzo zilianguka kwa sababu ya madirisha ya mraba. Wamefupisha mno. Mwaka 1954 mbili zilipasukia angani, moja karibu na kisiwa cha Elba, nyingine karibu na Naples, zote pande za Italia. Wahandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, wakaizamisha bodi nzima ya Comet katika tangi la maji, wakaijaza shinikizo na kulitoa, wakarudia na kurudia mpaka ikapasuka. Bati lilikuwa limechoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Ile ya Elba ufa ulianzia darini, penye tundu la antena. Walikufa watu wengi, Mungu awarehemu, na kutokana na vifo vyao mafundi wa dunia nzima tulijifunza kutafuta nyufa ndogo kabla hazijawa kubwa.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji. Safari ya kwanza kabisa ya abiria kwa jeti, Mei 1952, ilitoka London kwenda Johannesburg na ikatua Entebbe njiani. Na VC10, jeti nyingine ya Uingereza, ya mwisho kuundwa iliundwa kwa ajili yetu, mwaka 1970, ikaandikwa 5H-MOG. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 ikaishia jeshi la anga la Uingereza. Leo imehifadhiwa huko huko Uingereza, na Comet zetu hakuna hata moja iliyosalia.

Makumbusho ya Lamu yanatunza siwa ya Pate, lile baragumu la pembe za ndovu. Malindi tuna nguzo ya Vasco da Gama. Sawa kabisa. Basi Makumbusho ya Taifa yatutengee chumba kimoja hapa pwani kwa kumbukumbu za shirika lile. Hatuombi ndege nzima. Tuko wazee waliofanya kazi karakanani, kwenye kaunta za tiketi na ndani ya ndege, na vitu vyetu vinaliwa na mchwa na hewa ya chumvi. Tukifa, watoto watavitupa, kwani hawajui ni vya nini.

Mimi nina daftari zangu za kazi, ovaroli na seti ya spana. Nitavitoa bure kwa afisa yeyote wa makumbusho atakayeniandikia kwamba vitawekwa mahali pakavu na vitaonyeshwa kwa wanafunzi.

Fundi mstaafu,
Shella, Malindi