Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mashauriano na Familia za Wainuit

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlituagiza tuzungumze na familia za Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada, tunazozihudumia kama wauguzi hapa Ottawa, ambako wagonjwa wa Iqaluit na vijiji vya kisiwa cha Baffin huletwa kwa ndege, kwa kuwa Nunavut nzima, eneo lao la kaskazini lenye jamii 25 zisizounganishwa na barabara hata moja, ina hospitali moja tu. Tulifanya vikao vitatu, na sitaficha kwamba cha kwanza kilitutia aibu.

Tulikwenda na dodoso la kurasa tisa. Kila tulipouliza, akina mama walinyamaza, na katibu akajaza "hakuna jibu" ukurasa hadi ukurasa, mpaka mkalimani akatunong'oneza kwamba tumekuwa tukijibiwa muda wote: kwa Wainuit, kuinua nyusi ni ndiyo, na kukunja pua ni hapana. Karatasi zile tumezitupa.

Kikao cha pili hatukubeba dodoso. Mzee mmoja alitusimulia habari za meli C. D. Howe, iliyopita vijijini miaka ya 1950 na 1960 ikiwapiga watu picha za kifua. Aliyekutwa na kifua kikuu mara nyingi hakuruhusiwa hata kushuka kuaga. Alipelekwa kusini, na wapo waliozikwa huko bila jamaa zao kujua kaburi liko wapi. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2019, lakini aliyeyasikia hayo hashangai mgonjwa anapouliza mara tatu atarudi lini kwao kabla ya kukubali kutoa makohozi ya kupimwa kifua kikuu.

Baadhi ya wajumbe wa kamati wanataka tufanye utafiti wetu wenyewe. Nilipinga, na bado napinga. Mkakati wa utafiti uliotolewa na Inuit Tapiriit Kanatami, shirika la kitaifa la Wainuit wa Kanada, mwaka 2018 unataka Wainuit wenyewe waamue kitakachotafitiwa na umiliki wa takwimu, nasi wauguzi tuliotoka Mombasa, Bujumbura na Goma hatuna ruhusa ya kuuruka. Mfano wa Wainuit kujiamulia mambo yao upo: kule Puvirnituq, katika eneo la Nunavik, kaskazini mwa Quebec, wanawake waliochoka kusafirishwa kusini kujifungua walidai huduma kwao, na tangu 1986 wakunga wa Kiinuit wanazalisha hapo hapo.

Fungu la ukalimani limekwisha, naomba liongezwe. Muhtasari wa vikao mmeupata kwa kuchelewa kwa sababu familia zilitangulia kuusoma, kwa maandishi ya silabi ya lugha yao, Inuktitut, na kwa herufi za Kirumi. Mbili zimeurudisha na masahihisho, nayo tumeyaingiza yote.