Kwa mwanangu, pamoja na sweta

Jambiani, Novemba

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Vuli imeanza, mwani haukauki vizuri. Sweta yako imekwisha. Uliitaraji mwezi wa tisa, na sitaki udhani niliisahau.

Niliianza Julai, kipupwe, wakati sufu inashikika mkononi bila jasho. Ule uzi ulionitumia ni mnene kama kidole cha mtoto mchanga, na mie nimezoea kofia na soksi za hao wachanga, kwa sindano nyembamba. Nikafuma kipande cha kujaribia kwa hizi sindano zako za milimita 8 zilizounganishwa kwa waya, nikapima kwa rula: vitanzi 12 katika sentimita 10. Ulitaka sentimita 100 kuzunguka, nikaanza na vitanzi 120.

Hesabu ilikuwa sawa. Kosa ni kwamba kile kipande nilikifuma kitupu, bila kamba, ile misokoto ya mapambo, na kamba hula upana, kwa kuwa vitanzi vikipandana hubanana. Yako ina kamba sita, nne mgongoni na moja kila upande wa mbele. Nilipokaribia makwapa nikaitandaza kitandani: sentimita 90. Siku mbili nikajiambia sufu itaachia ikifuliwa. Halafu nikaifikiria theluji ya huko uliko, Ankara, na nguo mbili tatu utakazovaa ndani, nikashika ncha ya uzi nikafumua yote. Baba yako ndiye aliyeukunja. Ulikuwa umejipindapinda, tukaulowesha, tukautundika uani mpaka ukanyooka, nikaanza upya na vitanzi 132, viwili zaidi kwa kila kamba.

Naziita kamba kwa ajili ya bibi yako. Alikuwa akifukia makumbi ya nazi pwani, pale maji yanapopwa na kujaa, akiyaacha miezi. Akiyachimbua huyaponda kwa gongo mpaka usumba utoke, kisha husokota viganjani: nyuzi mbili, kila moja kwa msokoto wake, halafu huzizungusha pamoja kwa upande wa pili, ndipo kamba haifunguki. Ya sufu ni rahisi kuliko hiyo. Vitanzi ni sita. Vitatu vya mwanzo navihamishia kwenye penseli, nafuma vitatu vinavyofuata, ndipo navirudia vya penseli. Kila baada ya mistari minane nafanya hivyo. Penseli ikikaa mbele, kamba inalalia kushoto. Ikikaa nyuma, inalalia kulia.

Zile mbili za mbele nilitaka zitazamane. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikafuma kwa taa ya simu, asubuhi nikakuta ya kushoto imelala upande mmoja na mwenzake. Safari hii sikufumua kitu kizima. Niliviachia vile sita peke yao vikashuka mpaka penye kosa, nikavipandisha tena mstari kwa mstari. Tafuta upande wa kushoto, chini kidogo ya kifua. Nadhani hutapaona.

Uliniuliza kwa nini sifumi vipande nikavishona. Uzi huu ukishonwa ubavuni, mshono unavimba na utakusugua chini ya koti. Kwa hiyo mbele na mgongo ni kitu kimoja, nimekwenda nacho na kurudi. Makwapani nikakigawa sehemu tatu, mabegani nikaziunganisha. Ukingo wa mbele umefumwa humo humo, kitanzi cha kawaida kwenda na kurudi, ili usijikunje. Mbele ni wazi, vifungo hakuna, kama ulivyotaka. Umefikiri vizuri, mwanangu: kupitisha sweta kichwani na mtandio umeshafungwa ni mateso.

Mikono nimeianzia begani kuteremka, maana sina mkono wako hapa wa kupimia. Ikiwa mirefu, fumua kuanzia kiganjani mpaka inapokutosha, ufunge. Ikiwa mifupi, ndani ya mkono wa kulia nimekutilia donge la uzi lililobaki.

Kufua, nakuomba sana. Maji baridi, sabuni kidogo, uibonyeze tu. Maji moto na kusugua huifanya sufu igandamane na isinyae, na ikishafika hapo hakuna fundi wa kuirejesha. Usiikamue, ikunje ndani ya taulo, ubonyeze maji yatoke, uitandaze palipo sawa. Usiitundike hata siku moja, uzito wa maji utaivuta mpaka magotini.

Anayeileta ni yule mwenzako aliyekuja likizo, anaondoka kesho alfajiri. Ukishaivaa nipigie picha, mikono umeinyoosha mbele, nione imefika wapi.

Mama yako