Salamu za Krismasi kutoka Mkunazini: Mungu Anionaye

Ndugu, jamaa na majirani, Krismasi njema kutoka Unguja. Kaskazi imeshaanza kuvuma, embe zimejaa Darajani, na sisi wa Mkunazini tuko mbioni kulisafisha kanisa kwa ajili ya mkesha.

Juzi zamu ya kupiga deki upande wa madhabahu iliniangukia mimi. Pale sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Wazee wametufundisha kuwa ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakachapwa, zama hapa palipokuwa soko la kuuzia watumwa. Nikapiga magoti, nikalifuta kwa kitambaa kibichi, na mkono ukawa mzito. Wiki nzima nilikuwa nasoma Mwanzo 16, habari za Hajiri.

Hajiri alikuwa Mmisri, mjakazi wa Sarai. Ana mimba, kakimbia mateso ya bimkubwa wake mpaka jangwani, kwenye chemchemi. Isome sura ile taratibu. Sarai anasema "mjakazi wangu", Abramu anasema "mjakazi wako", na hakuna kati yao anayelitamka jina lake. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa Bwana. Na yeye, mtumwa, tena mgeni, akampa Mungu jina: El-Roi. Kwa Kiebrania El ni Mungu, na Roi inatokana na kuona. Mungu anionaye. Kabla ya Musa, kabla ya manabii, mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina ni mjakazi aliyetoroka. Kisima kile nacho kikaitwa Beer-lahai-roi, kisima chake Aliye hai anionaye.

Kuna mahali panaponichoma. Malaika alimwambia arudi kwa bimkubwa wake akanyenyekee, nami sina neno la kulilainisha hilo. Kuonwa na Mungu hakukumfungua siku ile. Hata hapa kwetu, soko lilifungwa Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa letu likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule, lakini utumwa wenyewe uliendelea Unguja na Pemba mpaka sheria ya 1897. Na hata hapo ilimbidi mtumwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake. Nje ya kanisa, zile sanamu za watumwa zimesimama shimoni na minyororo shingoni. Nyuso zao nazijua tangu utotoni. Majina ya waliouzwa pale nani anayajua, isipokuwa Yeye aliyelijua la Hajiri?

Sasa sikilizeni wimbo wa Mariamu katika Luka 1: "Kwa kuwa ameutazama unyonge wa mjakazi wake." Mjakazi! Msichana wa Nazareti kajiita kwa neno lilelile la Hajiri, na kasema lilelile alilosema Hajiri, kwamba nimeonwa. Kwangu mimi Krismasi iko hapo. Yule aliyemwona mjakazi jangwani, safari hii kaja kuonwa yeye, kalazwa horini, wachungaji wanamchungulia.

Bi jirani yetu, tuliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote, aliporudi Hija alituletea maji ya zamzam. Akakaa na mama barazani, akamhadithia alivyokwenda mara saba baina ya Safa na Marwa, kwa nyayo za Bi Hajar aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji. Mama akamwambia, "Huyo ndiye Hajiri wetu." Wakanyamaza wote wawili kwa muda, kisha mama akainuka kutia chai.

Nina ombi moja la sikukuu hii. Katika nyumba nyingi za mjini yuko binti aliyeamka alfajiri kukuna nazi ya wali wa watu, naye anaitwa "dada" tu, au "we yaya". Mwulizeni jina lake, na la baba yake, na kwao ni wapi. Kisha mpeni kiti mezani, chakula kingali cha moto.

Mkesha ni usiku wa tarehe 24. Pilau ya Bi jirani itatangulia kupakuliwa kama kawaida yetu, na Idd ikifika sahani itarudi na bokoboko la ngano na nyama. Karibuni sana, mlioko Pemba na mlioko bara. Krismasi njema.